Nakala za Mikono ya Mama

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya kuchomelea.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini hamjambo na baridi haijawatesa kama mwaka jana. Kile kifua chako kimepona? Usinijibu kwamba ni mafua tu. Mwaka juzi ulisema mafua tu, ukalala wiki mbili. Nenda ukapimwe, halafu uniandikie walichosema wao, si unachosema wewe.

Sisi huku tunapumua. Shemeji yako yupo na basi lake la shule, mgongo unamsumbua lakini ukimtajia kupumzika anakuona mchawi. Mama mdogo macho yamepungua nguvu, bado anafuma vitambaa vyake kwa kupapasa na anatuambia rangi amezichagua mwenyewe. Mimi nipo masijala ya hospitali kama kawaida, nakula vumbi la mafaili na kugombana na madaktari wanaochukua faili la mgonjwa wakaligeuza mali yao.

Kaburi la Mama liko salama. Nilikwenda Jumapili iliyopita nikang'oa majani. Miezi mitano sasa. Najua inakuuma kwamba hukuweza kufika kumzika, nami sijawahi kukulaumu kwa hilo, wala sitaanza leo.

Sasa kaa chini kama umesimama. Barua hii nimeizunguka wiki tatu. Umenipigia simu mara nne nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Ungesikia sauti yangu tu ungejua kuna jambo, ungeanza kuuliza, na mimi ningelia badala ya kueleza. Kwa hiyo naandika.

Video za Mama zimepotea. Zote mia mbili na kumi na nne, tangu ile ya kwanza uliyoipiga wewe mpaka ya mwisho kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Nilikabidhiwa mimi, na mimi ndiye niliyezipoteza.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utataka kujua kila kitu, na una haki.

Mwezi wa saba kompyuta ilianza kutoa mlio, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Shemeji yako akasema ni mjusi amejificha nyuma yake. Tukaivuta, mjusi hakuna. Nikaipiga kofi la ubavuni, ikanyamaza siku mbili, nami nikajiona fundi. Siku ya tatu ikaanza tena. Nilikuwa nimechoka na kazi, nikaizoea, kama unavyozoea bomba linalovuja.

Halafu Jumamosi moja asubuhi nilitaka kuangalia ile ambayo Mama anasimulia jinsi Baba alivyomfuata barabarani akimwita na kumwita, yeye hageuki, Baba akaenda kuwaambia watu kwamba yule binti anaringa kupita kiasi. Unakumbuka anavyomwigiza Baba akitembea? Nilikuwa nimeshikwa na hamu ya kucheka. Nikawasha. Skrini nyeusi, maneno meupe mawili matatu, basi. Nikazima, nikawasha. Vilevile.

Wala sikushtuka. Nakuambia ukweli, nilikuwa na jeuri. Wewe mwenyewe ulipokuja likizo ukatuletea kompyuta hii, ulinipangia kila kitu. Uliniwekea pale mbele ya skrini kile kipicha cha folda kilichoandikwa MAMA, ili nisihangaike kutafuta, ukaniambia kila Ijumaa niinakili kwenye flashi. Na mimi unanijua. Kila Ijumaa nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, nilikuwa nachomeka flashi, nanakili, nachomoa, naitia kwenye kopo la vifungo. Nyuma ya mlango wa kabati nimebandika karatasi, kila Ijumaa nimeitia alama. Ijumaa tisini na sita bila kukosa hata moja. Hata Ijumaa tuliyotoka kumzika niliinakili.

Kwa hiyo nilibeba kompyuta na flashi yangu nikaenda kwa fundi, moyo mweupe kabisa. Fundi wetu ni mama wa makamo, chumba chake upana wake hauzidi kitanda, watu wanamwita Mama Bisibisi kwa sababu haitoi bisibisi mkononi hata akinywa chai. Aliitegea sikio ile mashine kama daktari anavyosikiliza kifua, akakunja uso. Akasema kichwa kinachosoma diski kimeanguka, kinaikwaruza, na kila nilipoiwasha nilikuwa namwongezea mgonjwa vidonda.

Nikamwambia asijisumbue. Aweke diski mpya tu, nakala ninayo. Nilisema kwa maringo, mdogo wangu. Wateja wawili walikuwa mlangoni, nilitaka wasikie kwamba kuna watu tunaojua kutunza vitu.

Akachomeka flashi kwenye mashine yake. Kile kipicha kikatokea, MAMA, kizuri kabisa. Akakibofya. Kikatoka kidirisha kikisema kilichotafutwa hakipo mahali kilipoelekezwa. Akajaribu tena. Nikamwambia labda flashi imeingia vumbi, aipulize. Hakuipuliza. Akaigeuza skrini upande wangu akanionyesha tarakimu moja.

"Dada," akasema, "video zote hizo unazoniambia haziwezi kukaa kwenye kilobaiti mbili. Hii siyo folda. Hii ni njia ya mkato, ya kukuonyesha folda iko wapi. Folda yenyewe ilikuwa huku ndani," na akaigusa kompyuta yangu iliyokufa.

Kwenye pembe ya kile kipicha kuna mshale mdogo. Nimeutazama miaka miwili. Nilidhani ni urembo.

Niseme hapa kitu ambacho kitakuchoma kama kilivyonichoma mimi. Kule masijala, faili likitoka rafuni, mahali pake tunachomeka kadi: faili la huyu limekwenda wodi fulani, limechukuliwa na fulani. Kadi nyembamba, faili nene. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Nimeshamfokea karani mgeni mbele ya watu kwa kumpelekea daktari kadi akidhani ni faili. Nilimwuliza kama mgonjwa atatibiwa kwa kadi. Na mimi kila Ijumaa nilikuwa nabeba kadi kwenda kwenye kopo la vifungo, nikitia alama kwamba nimebeba faili. Mara tisini na sita sikuwahi kuichomeka flashi ile kwenye mashine nyingine nikaangalia kama Mama yumo.

Mama Bisibisi akaondoa waya na vikorokoro kwenye kiti chake cha pekee akanikalisha. Aliuliza kulikuwa na nini humo, kwa jinsi nilivyokuwa nimebadilika sura. Ikabidi nimweleze yale ambayo wewe huhitaji kuelezwa: kwamba Mama alikuwa kiziwi tangu ana miaka mitano, hakupelekwa shule yoyote ya viziwi, kusoma hakujua, na lugha yake aliitunga mwenyewe kwa mikono, akaikuza pamoja nasi humu ndani. Kwamba haimo katika kitabu chochote, wala viziwi wengine hawaielewi. Kwamba walioijua sawasawa, Baba akishaondoka, walibaki watatu, na mmoja tumemzika mwezi wa nne. Aliposikia hayo akaiweka bisibisi mezani.

Hakunidanganya. Alisema yeye kwa pale hawezi, lakini kuna karakana kubwa wanakofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, akaipeleka mwenyewe. Tukasubiri wiki tano. Wiki hizo tano nilikuwa na matumaini ya kijinga, nilikuwa napika kama mtu anayetarajia mgeni. Ikarudi ndani ya mfuko wa plastiki na karatasi iliyopigwa mhuri: uso wa diski umekwanguka, hakuna kilichookolewa. Unaweza kuuona ukiifungua, mdogo wangu. Kuna duara, kama lile linaloachwa na mwiko wa chuma kwenye sufuria.

Nilikukasirikia siku tatu. Bora uyajue. Nilisema kwa nini hukuniambia kwamba kile kipicha si chenyewe, kwa nini ulinirahisishia mno, kwa nini watu wanaokaa mbali huja siku kumi na nne, wakapanga maisha ya wenzao, wakapanda ndege. Shemeji yako alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniuliza kama nimekwisha, nikasema bado, nikaendelea. Siku ya nne nikakumbuka jinsi ulivyoniomba nikutumie chache kwa mtandao, ule mwaka simu yako ilipoibwa pamoja na zile ulizopiga mwenyewe. Nikakujibu kwamba bando linakwisha haraka, utazikuta ukija. Ningekutumia kumi tu, leo tungekuwa na kumi. Basi hasira ikageuka ikanirudia mwenyewe, na huko ndiko ilipo mpaka sasa.

Nitakuambia nilichoamua, ili usidhani ninalia tu. Nilirudi kwa Mama Bisibisi na daftari, nikamwambia anifundishe kama mtoto, na kila neno nisilolijua nitamrudisha nyuma. Tulikaa mchana mzima.

Akanieleza kwamba flashi ni ya kubebea vitu, si ya kuvilaza miaka. Inapotea, inafuliwa mfukoni, inakufa bila hata kukohoa. Nikanunua diski mbili za nje, za watengenezaji tofauti, kwa sababu alisema pacha wana tabia ya kuugua pamoja. Moja inakaa nyumbani, imechomolewa muda wote isipokuwa wakati wa kunakili, maana diski inayoachwa imechomekwa hupigwa na umeme siku moja na kompyuta yake. Nyingine iko masijala, ndani ya kabati langu la chuma, na ufunguo ninao mimi. Kila Ijumaa zinabadilishana. Nilimwuliza kwa nini niisumbue kwenda na kurudi, akaniuliza kama nyumba ikiungua diski ya pili itatoka kwa miguu yake.

Vitu vyenye thamani kuliko vyote tunaviweka pia mtandaoni. Hilo nililikataa kwanza, nikasema sitaki sura ya Mama ikae kwa watu nisiowajua. Akaniambia nina haki ya kuogopa, lakini nichague ninachoogopa zaidi. Nikakubali. Neno la siri nimeliandika kwenye karatasi, liko kwa mama mdogo, ambaye hata akitaka kulisoma haoni.

Na mwisho, hili alilirudia mara tatu: kila mwezi nichukue diski yoyote, niende nayo kwenye kompyuta isiyo yangu, nifungue faili moja mpaka mwisho. Nisiangalie jina lake tu. "Kama hujaifungua kwingine," alisema, "hujui kama unayo." Nililiandika hilo kwenye daftari na wino ukasambaa, usiniulize kwa nini.

Kwa hiyo sasa tunao mpango mzuri kuliko watu wote wa mtaa huu, na hatuna cha kuupangia. Vyeti vya shule vya mpwa wako, picha za harusi yangu, hati za nyumba, vyote viko sehemu tatu. Mama yuko sekunde kumi na moja.

Ndiyo, sekunde kumi na moja. Mama mdogo alikuwa nazo kwenye simu yake bila kujua. Alikuwa anajaribu kupiga picha ya kitambaa, akabonyeza video. Mama anaonekana upande wa jiko, anauliza nani kaondoka na kifuniko cha sufuria, anaona simu, anamwambia mama mdogo aache upuuzi. Halafu kidole cha mama mdogo kinafunika kila kitu. Nimezinakili sekunde hizo kila mahali. Nimekutumia, zitazame, lakini zitazame ukiwa peke yako kwanza. Mimi nilijifungia bafuni.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya niandike leo na siyo mwezi ujao.

Baada ya siku kadhaa za kulia, nikajiambia kwamba maneno yake tunayo vichwani. Mimi ni binti yake, nimeongea kwa mikono kabla sijaongea kwa mdomo. Nikaegesha simu juu ya rafu, nikakaa mbele yake, nikaanza kujipiga video mwenyewe, neno moja moja. Nilianza na majina. Lako, kubana ncha ya sikio, kwa sababu ya ile alama uliyozaliwa nayo. Langu, ngumi chini ya kidevu, kwa sababu nilinuna utoto wangu wote. La shemeji yako, usukani. Nikaenda kwa vitu vya jikoni, hali ya hewa, watu wa mtaani na vijina vyao vibaya ambavyo wenyewe hawakuwahi kuvijua. Nikafika sabini na tatu nikakwama.

Mdogo wangu, naogopa. Naogopa vibaya. Nilidhani nimeijua lugha ile, kumbe nilikuwa naijua akiwepo yeye. Yeye alianza, mimi nikafuata. Sasa hakuna anayeanza. Nikikaa mbele ya simu mikono inabaki mapajani. Kuna ishara ambazo nakumbuka maana yake na sikumbuki mkono. Ile ya "mtu anayejifanya hajasikia", tuliyokuwa tunaifanya mpaka tunaanguka chini kwa kicheko, iko wapi? Ilikuwa kwenye sikio au kwenye jicho? Nilimfanyia mama mdogo zote mbili, akasema zote zinafanana na Mama. Anajitahidi kunifariji, lakini yeye alijua chache tu, na hizo anazichanganya na ishara za kumwita muuza maziwa.

Kila wiki nikihesabu zinapungua. Mwezi uliopita nilikuwa na uhakika na neno la "kesho kutwa". Sasa sina.

Mama Bisibisi aliniuliza swali siku ile tuliyokaa na daftari, nami nikalipuuza. Aliuliza nakala iliyo mbali na nyumba iko wapi. Nikamjibu iko masijala. Nimelifikiria tangu wakati huo. Nakala iliyo mbali na nyumba ni wewe. Umekaa huko miaka kumi na moja, hukuongea na Mama isipokuwa kwenye simu ya video na siku chache za likizo, na ulipokuja mara ya mwisho alikucheka kwamba mikono yako inaongea kizamani. Nilikucheka na mimi. Leo hiyo ndiyo bahati yetu, kwamba yako haijachanganyika na yangu. Kilichofutika kwangu huenda kwako bado kipo.

Kwa hiyo nakuomba, na sijakuomba mambo mengi. Ukishapata barua hii, siku yoyote ya mapumziko, kaa kwenye mwanga mzuri, uegeshe simu, ufanye kila unachokumbuka. Usikisahihishe. Usiniulize mimi kwanza, maana nitakuharibia. Mwite wifi akushikie simu kama unaona haya. Watoto wakae waone, si vibaya wakijua bibi yao alikuwa anasema nini. Moja ibaki huko kwako, nyingine unitumie. Nikiipokea nitaifungua kwenye mashine ya Mama Bisibisi mpaka mwisho, ndipo nitakapokujibu kwamba nimeipata.

Mama mdogo anakusalimu sana, anasema amekufumia fulana na ya wifi iko njiani. Shemeji yako anakusalimu, anasema usinichukie, naye ana mwezi mzima anasikiliza haya. Mpwa wako amefaulu mtihani wake wa mwisho, mpigie umpongeze. Nisalimie wifi na unibusie watoto wote wawili, mdogo mara mbili.

Kuna neno moja nataka uanze nalo kabla ya mengine. Unakumbuka Mama alipokuwa ametugombeza, akishatulia, alikuwa anakuja pale mlangoni, anasimama mpaka tumtazame, halafu anafanya ile ya kusema yamekwisha, njooni mle? Nimeitafuta siku kumi. Kiganja kilianzia kifuani mwake, hilo nakumbuka. Sikumbuki kiliishia wapi. Nifanyie hiyo kwanza, polepole, ukinitazama.

Mungu akulinde huko, akutunzie kifua chako na mikono yako.

Dada yako mkubwa, mwenye kukupenda siku zote.